Herufi Nane

Ofisi ya jimbo iko Moshi, juu ya duka la spea,
ngazi ishirini na mbili. Ya kumi na tisa imelegea;
huwaonya wote, na wote huikanyaga.

Kazi yangu ni kuandika.
Kaunta buka ya kwaya tatu: jina, kata, shida, simu.
Safu ya tano, "majibu", niliichora kwa rula,
imebaki nyeupe kama shati la kipaimara.

Machi, Jumatatu, alikuja Bi Ndeonansia,
kandambili mkononi asichafue ngazi.
"Andika. Banio la mfongo wetu limebomoka.
Tumeziba kwa mawe na vigogo vya migomba,
na kigogo cha mgomba, mwanangu, hakijui kusubiri bajeti."
Nikaandika: banio.
Akanyoosha shingo kuhakikisha.

Neno likatoka kwenye kaunta buka, likaingia kwenye barua.
Barua ikamfikia Mheshimiwa, akaigeuza swali.
Swali likafika Dodoma, likavuliwa matope, likapewa namba,
themanini na saba,
likapanga foleni nyuma ya barabara, minara, mbolea
na shule moja isiyo na vyoo.
Masika yakaja, yakaondoka na vigogo.

Siku yake ilipowadia
muuza spea alipandisha sauti ya televisheni.
Tulisimama kati ya betri na matairi.
Siwa imelala mezani, Spika kakaa ndani ya joho.
Mheshimiwa akauliza, akakaa.
Naibu Waziri akasimama:
Serikali inatambua. Tathmini inaendelea.
Kadiri fedha zitakavyopatikana.
Swali la nyongeza: lini?
Mara tu.
Kisha ikaitwa themanini na nane, ya watu wa pwani,
nao pia, nadhani, walikuwa wamesimama mahali
kati ya matairi.

Simcheki Mheshimiwa.
Nimemwona akirudi kutoka kwenye kamati, macho mekundu,
mfukoni karatasi ya mafungu iliyokunjwa mara nane.
Wenzake ni mamia, kila mmoja ana banio lake,
na mto wa kuchota ni huo mmoja.
Ndiyo zikizidi, siyo hukaa chini.
Hayo nilimweleza Bi Ndeonansia, polepole,
kama anayemsomea mtu barua ya msiba.

"Zamu naijua," akasema.
"Sisi tuna zamu tangu kabla ya karatasi.
Wa juu akinyweshea mchana, wa chini hukesha na taa.
Ila mgawa maji wetu hulala palepale kijijini.
Akizidisha saa moja kwenye kihamba cha shemeji yake,
asubuhi anakutana na mimi njiani,
na mimi nina jembe."
Akacheka. Mimi sikujua kama nicheke.

Akaomba kuona maandishi.
Nikamchapia ukurasa wa Majadiliano ya Bunge,
wino hafifu, mashine yetu nayo inasubiri fungu lake.
Alisoma kwa kidole, kila mstari, hadi mwisho,
akarudi juu.
"Nionyeshe. Hapa mimi nimekaa wapi?"

Nikatafuta.
Jina lake halikuwepo, wala la kijiji.
Banio lilikuwa limegeuka "miundombinu".
Nikaweka ncha ya kalamu chini ya neno moja:
wananchi wa jimbo langu.
"Hapo, kwenye wananchi."

Akahesabu herufi. Nane.
Akahesabu tena, midomo ikitaja majina:
Aikaruwa, Manase, mjane wa Kirenga, watoto wa Elinkira,
wale wa chini ambao maji hayajawafikia tangu Krismasi.
Vidole vikamwishia kabla ya watu.

"Tumebanana," akasema.

Hakukasirika. Aliukunja ukurasa,
akauingiza kifuani palipo na kadi yake ya kura,
akashuka, akaikanyaga ya kumi na tisa.

Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu,
nilimkuta mlangoni kabla sijatoa ufunguo.
"Andika," akasema,
"na safari hii anza na majina."
Nikafungua ukurasa mpya.
Safu ya kwanza haikutosha. Nikaenda pembeni,
nikavuka mstari wa rula,
nikaandika juu ya weupe wa majibu.